Kupakia Programu Pasi Waya: Uhakiki wa Istilahi za Vidhibiti Mikro

Istilahi za ufundi zina hakimu ambaye istilahi za nyanja nyingine hazinaye. Mwanasheria akipewa neno lenye utata atalijadili. Mshairi akipewa neno hilo hilo huenda akalifurahia. Lakini mwanafunzi wa elektroniki akipewa neno lenye utata ataunga waya mahali pasipostahili, na kifaa kitaungua. Hukumu ya hakimu huyu haina rufaa. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kuchukua kazi moja ya ufundi wa siku hizi, kazi inayofanyika mezani kwa dakika chache, na kuyapima kwayo maneno ambayo Kiswahili kimekwisha kuyapata, yale yanayopendekezwa, na yale yanayotumika ovyo.

Kazi tuliyoichagua ni ya kupeleka programu kwenye kidhibiti mikro bila ya kukiunga na kompyuta kwa waya, bali kwa kupitia moduli ya waifai. Kidhibiti mikro ni kompyuta ndogo iliyokusanywa yote katika kipande kimoja cha silikoni: sehemu ya kuchakata, kumbukumbu, na milango ya kuingizia na kutolea ishara. Kampuni ya Texas Instruments ilianza kuuza kimojawapo cha kwanza, TMS1000, mwaka 1974; Intel ilifuata na 8048 mwaka 1976. Leo vimo katika mashine za kufulia, katika magari na katika mita za LUKU. Mwaka 2005, katika mji wa Ivrea nchini Italia, walianzisha bodi ya Arduino ili wanafunzi wasio wahandisi waweze kuvitumia. Mwaka 2014 ikaenea moduli iitwayo ESP-01, yenye miguu minane tu, iliyojengwa juu ya kipande cha ESP8266 cha kampuni ya Espressif ya Shanghai. Kwa bei nafuu, kidhibiti chochote kikaweza kuingia katika mtandao. Teknolojia hii haikusubiri kamati yoyote ya istilahi. Vijana wanaitumia, waalimu wanatakiwa kuifundisha, na wafasiri wanatakiwa kuiandikia maagizo.

Njia tatu za kufasiri

Tumeyachukua maagizo mafupi ya kazi hiyo, tukayaandika kwa Kiswahili kwa mitindo mitatu ambayo msomaji wa jarida kama hili anakutana nayo mara kwa mara. Sentensi hizi tumezitunga wenyewe kwa ajili ya uchunguzi. Hatumnyoshei mtu yeyote kidole.

Mtindo wa kwanza ni wa kukopa kila kitu: «Konekti moduli ya waifai kwenye maikrokontrola, fleshi femuwea mpya, halafu riseti.» Sentensi hii inaeleweka na mtu mmoja tu, naye ni yule ambaye tayari anaijua kazi. Kwa mwingine ni mlio mtupu. Wala hatusemi kwamba kitenzi cha mkopo hakifai. Kitenzi «dhibiti» chenyewe kina asili ya Kiarabu, nacho kimetuzalia «dhibitiwa», «udhibiti» na «kidhibiti». Kosa la sentensi hii ni kukopa mahali ambapo hatuna ufukara. «Unganisha» tunalo, pamoja na ukoo wake wote: «unganishwa», «unganika», «muunganisho». Kukopa si aibu. Aibu ni kwenda kuomba chumvi kwa jirani hali kibuyu cha nyumbani kimejaa.

Mtindo wa pili ni wa neno kwa neno: «Unganisha kipande cha uaminifu usio na waya na kidhibiti kidogo, mulika bidhaa imara mpya, kisha weka upya.» Hapa kila neno ni la Kiswahili na jumla yake si Kiswahili. Kuhusu «uaminifu usio na waya» tuna la ziada la kusema. Jina Wi-Fi si kifupisho cha maneno yoyote. Lilibuniwa mwaka 1999 na kampuni ya Interbrand kwa ajili ya muungano wa watengenezaji wa vifaa vinavyofuata kanuni za mawasiliano zilizotolewa mwaka 1997, likiwa ni mchezo wa sauti unaokumbusha jina lililozoeleka la mitambo bora ya kupigia santuri. Ni kweli kwamba kwa muda mfupi muungano huo ulitumia kaulimbiu iliyowafanya watu wadhani kuna maana iliyofichika, lakini kaulimbiu ilikuja baada ya jina. Mfasiri anayeandika «uaminifu» anafasiri maana ambayo haikuwapo. Jina la biashara halifasiriwi. Huandikwa lilivyo, au, likishaingia vinywani mwa watu, huandikwa linavyotamkwa: «waifai».

Mtindo wa tatu ni wa kuunda kila kitu upya: «Unga kipeperushi-taarifa na kitawala-mitambo, kijaze kiini-amri kipya, halafu kihuishe.» Mtindo huu una heshima yake, kwa kuwa unatoka katika imani kwamba lugha yetu ina hazina. Hata hivyo haufai kwa sababu mbili. Kwanza, maneno hayo tayari yana wenyewe: «kipeperushi» ni karatasi ya matangazo, na «kuhuisha» ofisini ni kuzitengeneza taarifa ziende na wakati. Pili, msomaji anapewa mafumbo manne katika sentensi moja. Historia imetuonya. «Ngamizi» lilipendekezwa kwa kompyuta, na «mdahalishi» kwa intaneti. Yote mawili yamo katika maandishi, wala hayamo katika ndimi za walio wengi. «Tarakilishi» lina makao nchini Kenya, lakini hata huko linaishi pamoja na «kompyuta».

Kama mitindo yote mitatu ina kasoro, basi dawa haimo katika kuchagua mtindo mmoja na kuufuata kwa upofu. Imo katika kuuliza, kwa kila neno, kazi ambayo msomaji ataifanya baada ya kulisoma.

Kutunga, kupakia na kuandika

Tuanze na neno lililozoeleka kuliko yote, «programu». Nomino hii haina ugomvi. Ugomvi upo katika kitenzi. Husemwa «kuandika programu», na kwa msemo huo watu huwa na maana mbili tofauti: kazi ya mtu anayefikiri na kupanga maagizo, na kazi ya kuyatia maagizo hayo ndani ya kumbukumbu ya kifaa. Mwalimu akimwambia mwanafunzi «sasa andika programu katika kidhibiti», mwanafunzi hajui kama anatakiwa kufikiri au kubonyeza kitufe.

Kiswahili kinaweza kuzitenga kazi hizi vizuri kuliko Kiingereza, ambacho nacho kina utata huo huo. Tuna «kutunga», kitenzi cha shairi, cha hadithi na cha mtihani: aliyetunga ndiye mwenye mawazo. Tuna «kupakia», kitenzi cha jahazi na cha lori: aliyepakia amehamisha kilichokwisha kuwa tayari. Na tuna «kuandika kumbukumbuni», kwa kitendo chenyewe cha kifaa cha kuzihifadhi baiti. Kwa hiyo: mwanafunzi hutunga programu, kompyuta huipakia, na kidhibiti huiandika kumbukumbuni. Sentensi moja ina watendaji watatu na vitenzi vitatu, wala hakuna anayemwingilia mwenziwe.

Ndugu yake «kupakia» ni «kupakua», na hapa tunatoa tahadhari. Wengi huvifikiria vitenzi hivi kama «juu» na «chini», kwa sababu Kiingereza ndivyo kinavyofikiri. Kwetu hakuna juu wala chini. Kuna chombo na mzigo. Tukiisukuma programu kutoka kompyuta hadi kidhibiti, tunapakia. Kidhibiti kikienda chenyewe mtandaoni, kikaikuta programu mpya na kuichukua, kinapakua, kama mtu apakuavyo chakula chunguni. Njia hizi zote mbili zinatumika katika kazi tunayoijadili, na mfasiri asiyejua nani anatenda atazichanganya.

«Pasi waya» ni wapi?

Maneno «pasi waya» ni fasaha na yanafaa kuimarishwa. Hapo zamani simu ya redio iliitwa «simu ya upepo», jina zuri ambalo halikumpotosha mtu, kwa sababu aliyeitumia hakutakiwa kuijenga. Siku hizi baadhi ya watu hutaka kusema «kupakia hewani». Hatulikubali, kwa sababu mbili: «hewani» limekwisha kuchukuliwa na watangazaji wa redio, na mawimbi ya redio hayahitaji hewa.

Lakini hata «pasi waya» huficha jambo. Kuna mipango miwili tofauti yenye jina hilo moja. Katika mpango wa kwanza, moduli ni daraja. Kompyuta hutuma programu kwa waifai hadi kwenye moduli. Moduli huzipitisha baiti zile kwa waya hadi kwenye kidhibiti kingine, kwa mfano ATmega328P cha Arduino Uno chenye kilobaiti 32 za kumbukumbu ya programu. Kati ya moduli na kidhibiti mna waya wa kutuma, wa kupokea, wa ardhi, na wa kukianzisha kidhibiti upya. Mwanafunzi aliyeambiwa kazi ni ya pasi waya, kisha akapewa waya nne mkononi, ana haki ya kuuliza. Katika mpango wa pili, moduli yenyewe ndiyo kidhibiti. ESP8266 hupokea programu mpya, huiweka katika nafasi iliyo wazi ya kumbukumbu yake, kisha huanza upya na kuinakili juu ya ile ya zamani. Hapa hakuna daraja, kuna kujipokelea.

Mipango hii ina hatari tofauti. Katika mpango wa pili nafasi iliyo wazi lazima iutoshe ukubwa wa programu mpya. Zaidi ya hayo, programu mpya lazima iwe na sehemu ya kupokea programu nyingine baadaye; asiyeiweka amejifungia mlango kwa ndani na kuacha ufunguo nje, naye itambidi arudi kwenye waya. Tunapendekeza basi majina mawili: «upakiaji kwa daraja» na «upakiaji wa kujipokelea». Yote mawili ni aina za upakiaji pasi waya.

Maafa ya «nguvu ya umeme»

Hapa tumefika penye kiini cha malalamiko yetu. Katika Kiswahili cha kila siku, maneno «nguvu ya umeme» hubeba mizigo mitatu: volteji, mkondo, na nguvu yenyewe ipimwayo kwa wati. Taa zikififia jioni tunasema «umeme mdogo», na kila mtu anaelewa. Msemo huo unatosha sebuleni. Mezani pa fundi hautoshi.

Tuangalie inavyokuwa. ESP-01 inahitaji volteji ya volti 3.3. Inapotuma mawimbi, mkondo unaohitajika huweza kufika miliampea 170. Bodi ya Arduino Uno ina mguu ulioandikwa volti 3.3, lakini mguu huo umeruhusiwa kutoa miliampea 50 tu. Mwanafunzi anayesoma «moduli inahitaji nguvu ya umeme ya volti 3.3» anauona mguu, anaunga, naye anaamini ametii. Moduli inawaka, inajaribu kutuma, inazimika, inaanza tena. Mwanafunzi anarudi kwenye maagizo, na katika sehemu ya matatizo anasoma: «Ikizimika mara kwa mara, nguvu ya umeme haitoshi.» Je, afanye nini? Volti 3.3 ni nguvu, na nguvu haitoshi. Kando yake kuna mguu wa volti 5. Anahamisha waya. Moduli inaungua.

Msomaji azingatie kwamba mwanafunzi huyo hakufanya uzembe. Alifikiri kwa usahihi kabisa kutokana na maneno aliyopewa. Lililokosa ni neno. Kama angeambiwa «mkondo hautoshi, tumia chanzo kingine cha volteji ile ile», kifaa kingesalimika. Waalimu wa fizikia wamekwisha kuyatenga maneno haya siku nyingi: volteji kwa volti, mkondo kwa ampea, nguvu kwa wati, nishati kwa jouli. Hatuhitaji istilahi mpya hata moja. Tunahitaji wafasiri wayatumie yaliyopo. Pengo kubwa hapa ni la nidhamu zaidi kuliko la msamiati, na si haki kulisingizia Kiswahili.

Mfano huo unahusu pia ishara. Uno hutuma ishara za volti 5, na mguu wa kupokelea wa moduli hufanya kazi kwa volti 3.3. Kati yao huwekwa vikinza viwili vya kugawa volteji. Ukiandika «vya kupunguza umeme», umemwacha msomaji njia panda kwa mara nyingine.

Kumulika ni kufuta

Kitenzi kingine kinachotusumbua ni «kumulika», kinachotumiwa kwa maana ya kutia programu katika kumbukumbu. Asili ya kosa ni jina la kumbukumbu yenyewe. Aina hii ya kumbukumbu ilibuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, akaitangaza mwaka 1984, na jina lake lilipendekezwa na mwenzake kwa sababu namna data zinavyofutwa kwa mara moja ilimkumbusha mmweko wa taa ya kamera. Maana yake, hata katika Kiingereza, jina linahusu kufuta. Matumizi ya kuandika yalikuja baadaye.

Tena kuna kinyume kingine. Vidhibiti vya kizazi kilichotangulia vilikuwa na kidirisha cha kioo mgongoni, na kumbukumbu yake ilifutwa kwa kumulikwa kwa mionzi ya urujuanimno kwa dakika kadhaa. Kwa hiyo fundi mkongwe akiambiwa «mulika kidhibiti», ataelewa kwamba programu inatakiwa kuondolewa! Tuseme «kumbukumbu mweko» kwa jina la kitu, kwa kufuata «diski mweko» linalotumika Kenya, na kwa kitendo tubaki na «kupakia» na «kuandika kumbukumbuni».

Na hiyo «bidhaa imara»? Istilahi ya Kiingereza ilibuniwa mwaka 1967 na Ascher Opler kwa kitu kilicho kati ya «kigumu» na «laini». Picha hiyo haina maana kwa asiyezoea jozi ya ugumu na ulaini. «Programu ya kifaa» inasema yote yanayohitajika.

Kuanzisha upya

Mguu mmoja wa kidhibiti ukishushwa hadi volti sifuri kwa muda mfupi, kidhibiti huacha kinachofanya na kuanza tena mwanzo wa programu ile ile. Katika upakiaji kwa daraja, moduli hufanya hivyo kwa makusudi. Kidhibiti kinapoanza, kwanza huendesha programu fupi inayongoja kidogo kuona kama kuna programu mpya inayokuja. Isipokuja, ya zamani huendelea.

«Kuweka upya» haliwezi kubeba maana hiyo, kwa sababu husikika kama kuondoa na kuweka kingine. Tunapendekeza «kuanzisha upya», na mguu huo uitwe «mguu wa kuanzishia». Ile programu fupi tunapendekeza iitwe «bawabu». Bawabu husimama mlangoni, huuliza kama kuna mgeni, na asipokuwapo huwaacha wenyeji waendelee na shughuli zao. Tunajua wapo watakaoona neno hili lina mzaha. Tunawaomba wakumbuke kwamba «kuchakata», linalotumika leo katika kila ofisi kwa taarifa, lilikuwa la mashamba ya mkonge. Halikuletwa na mgeni, lilihamishwa kazi. Njia hiyo ya kupanua maana ya neno lililo hai ndiyo iliyotupa mazao bora katika nyanja hii, nasi tunaipendelea kuliko kubuni na kuliko kukopa.

Kwa jina la kifaa chenyewe tumetumia «kidhibiti mikro». «Kidhibiti kidogo» hatukubaliani nalo, maana udogo wa kidhibiti cha feni nao ni udogo. Kiambishi cha kisayansi kilichokopwa kinaonyesha kwamba ni aina maalumu, si kipimo. «Miguu», neno linalosikika kwa mafundi wa redio, ni bora kuliko «pini», na tunashangaa kwamba vitabu vinalikwepa.

Neno kuhusu ulinzi

Maandishi mengi hutumia «usalama» kwa kila kitu. Katika upakiaji pasi waya lazima tutenge mambo mawili. «Uthibitishaji» ni kujua kwamba anayeleta programu ndiye mwenye haki ya kuileta. «Usimbaji» ni kuzificha data zisisomwe njiani. Kifaa kinaweza kuwa na kimojawapo bila kingine. Kifaa kinachopokea programu bila nywila kinamtii yeyote aliyemo katika mtandao huo huo, hata kama mtandao wenyewe umesimbwa. Mtumishi wa serikali anayeandika masharti ya zabuni, akaandika tu «kifaa kiwe salama», ameandika sharti ambalo kila mwuzaji atasema amelitimiza.

Mapendekezo

Kutokana na uhakiki huu tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila istilahi ya ufundi ijaribiwe mezani kabla ya kuchapishwa: apewe maagizo mtu asiyeijua kazi, na aangaliwe anapounga waya. Akikosea, lihojiwe neno kabla ya kuhojiwa mtu. Pili, mafundi na waalimu wa ufundi waalikwe katika vikao vya istilahi tangu mwanzo, maana wao ndio wenye «miguu», «ardhi» na maneno mengine yaliyokwisha kukomaa. Tatu, vitenzi vipewe kipaumbele mbele ya nomino. Orodha zetu zimejaa majina ya vitu, ilhali ajali hutokea katika vitendo.

Tangu Tume ya Makweta ilipopendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kifundishie shule za sekondari, jibu ambalo limerudiwa mara nyingi ni kwamba maneno hayatoshi. Katika kazi hii moja tumehesabu tulichokikosa kweli. Volteji, mkondo, kupakia, kupakua, kutunga, kuchakata, mguu na nywila yote tulikuwa nayo. Yaliyobaki kuundwa au kupanuliwa maana hayafiki kumi. Hayo kikao kimoja kinaweza kuyamaliza. Kuyatumia sawasawa yaliyopo kunahitaji zaidi ya kikao, na jukumu hilo ni la kila anayeshika kalamu.